Namna ya kumsoma mbunge wa Uingereza anapozungumzia nchi za wengine

Juzi baada ya swala ya Alasiri mtoto wa ndugu yangu alinikuta barazani, hapa Kibokoni, simu mkononi. "Assalamu alaikum, Ami. Hebu nitazamie hili." Kwenye kundi lao la WhatsApp walikuwa wakibishana tangu asubuhi. Mmoja alikuwa ametuma picha ya Enoch Powell, mbunge wa zamani wa Uingereza, na maelezo kwamba huyu ndiye aliyesimama Bungeni London kwa ajili ya watu kumi na mmoja waliouawa mwaka 1959 Hola, kambi ya wafungwa wa Mau Mau hapa Kenya. Mwingine akajibu kwa picha ya mtu huyo huyo, na maelezo kwamba huyu ndiye aliyetaka watu weusi na Wahindi wazuiwe kuingia Uingereza. "Sasa Ami, huyu alikuwa wetu au si wetu?"

Nilifanya kazi ya ukalimani mahakamani hapa Mombasa miaka 28 kabla ya kustaafu. Shahidi akisema "nilimshika", wakili hutaka kujua alimshika wapi, saa ngapi, na aliulizwa nini hata akajibu hivyo. Mbunge naye mimi humsoma vivyo hivyo. Nilimwambia kijana avute kiti. Ninayoyaandika hapa ndiyo tuliyoyafanya jioni tatu zilizofuata kwa simu yake na daftari langu, ili na wewe unayetaka kujua lililosemwa London kuhusu Kenya, kuhusu Mwambao wetu au kuhusu nchi yoyote ile, ujitafutie mwenyewe. Kiingereza cha kidato cha nne chatosha, bora kamusi iwe karibu.

Tafuta maneno yenyewe kwanza

Kila linalosemwa ndani ya Bunge la Uingereza huandikwa, na kumbukumbu hiyo ndiyo Hansadi. Jina limetokana na mchapishaji Thomas Curson Hansard, na Bunge letu la Nairobi limerithi jina na utaratibu pia. Zamani ungelazimika kumjua mtu mwenye maktaba kubwa. Siku hizi mijadala ya tangu 1803 imo kwenye mtandao, bure. Kuna tovuti ya Hansadi ya kihistoria inayofika 2005, kuna ya Bunge lenyewe inayoendelea mpaka leo, na kuna TheyWorkForYou, inayoendeshwa na shirika la mySociety. Hii ya mwisho humpanga kila mbunge na maneno yake na kura zake, na ukitaka itakutumia barua pepe kila anapozungumza. Kurasa hizi nyingi ni maandishi, hazili bando sana.

Kijana alitaka kuanza kwa kuandika jina la Powell. Nikamzuia. Powell alikuwa mbunge tangu 1950 hadi 1987, isipokuwa miezi michache mwaka 1974. Ukiingia kwa jina lake utazama. Anza kwa jambo na mwaka: andika Hola Camp, chagua 1959, kisha usome vichwa. Utakuta Hola ilijadiliwa zaidi ya mara moja mwaka ule, mwezi Juni na tena Julai. Tulioutaka ni mjadala wa tarehe 27 Julai 1959, juzuu 610, unaoanzia safu ya 181 mpaka 262. Powell yuko safu ya 232 mpaka 237.

Hizo "safu" ndizo anwani. Ukurasa wa Hansadi umegawanywa sehemu mbili kwenda chini, na kila sehemu ina nambari yake. Mtu akikupa maneno ya mbunge, muombe safu. Akikosa safu, akupe japo tarehe. Akikosa vyote, usiyatume mbele.

Hapo hapo pana mtego wa tarehe. Powell alisimama saa saba na robo usiku. Kwa kalenda ya ukutani ilikuwa tayari ni tarehe 28, lakini Hansadi hufuata kikao, na kikao kilikuwa cha Jumatatu tarehe 27. Sisi Waswahili tungesema alizungumza usiku wa Jumanne, maana kwetu usiku hutangulia mchana wake. Wao humuweka kwenye Jumatatu iliyokwisha. Usipolijua hili utaambiwa umekosea tarehe na ilhali hujakosea, au utafungua siku nyingine ukose hotuba na useme haipo.

Jambo jingine la kujua kuhusu kumbukumbu hii ni kwamba si kanda ya sauti. Waandishi wake huondoa maneno yaliyorudiwa na kusahihisha kuteleza kwa ulimi, mradi maana isiguswe. Kwa hivyo hutasikia kusita wala kukohoa. Kelele za ukumbini utaziona tu kama neno moja kwenye mabano. Mahakamani tuliandika hata kunyamaza kwa shahidi, na mara nyingine kunyamaza kulikuwa ndio ushahidi wote. Hansadi haina hilo, usilitafute.

Jua nani anaitwa nani

Mbunge wa Uingereza hamtaji mwenzake kwa jina. Humtaja kwa jimbo lake: mheshimiwa wa mahali fulani. Waandishi wa Hansadi ndio wanaokuwekea jina kwenye mabano baada ya jimbo. Powell mwaka 1959 ni mbunge wa Wolverhampton South-West. Barbara Castle, aliyekuwa miongoni mwa walioishikilia habari ya Hola bila kuiachia, ni wa Blackburn. Andika majimbo haya pembeni kabla hujaanza kusoma.

Kisha sikiliza heshima zenyewe, kwa sababu zinabeba habari. Anayesema "rafiki yangu mheshimiwa" anamtaja mtu wa chama chake, hata kama hawapikiki chungu kimoja. Anayesema "bwana mheshimiwa" anamtaja wa upande wa pili. Daraja ya juu ya uheshimiwa ni ya wajumbe wa Baraza la Mfalme, na mawaziri wa ngazi ya juu karibu wote wamo. Zamani mwanajeshi aliongezewa "shujaa" na wakili akaongezewa "msomi". Ukishayazoea haya, utaona mbunge anapomshambulia "rafiki yangu mheshimiwa" kwamba jambo si dogo, nyumba inagombana yenyewe. Usiku ule wa Hola ndivyo ilivyokuwa. Powell alikuwa Mhafidhina, yaani wa chama cha Conservative, serikali ilikuwa ya Wahafidhina, na uchaguzi mkuu ulikuwa karibu. Ulifanyika tarehe 8 Oktoba mwaka huo huo.

Rudi nyuma, usianzie katikati

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mimi mwenyewe nilipokosea.

Miaka mingi nyuma, kabla ya mtandao, wakili mmoja alinipa karatasi tatu zilizopigwa fotokopi kutoka kwenye hotuba hii ya Powell. Nilizisoma usiku mmoja kwa haraka. Kesho yake jioni, kwenye kahawa, nikasema mbele ya watu kwamba Powell aliwaita wale kumi na mmoja wa Hola viumbe walio chini ya binadamu. Mzee mmoja mwenye jamaa zake Mto Tana aliinamisha kichwa, akaweka kikombe chini, akaondoka bila kuaga. Niliporudi kuzisoma karatasi kwa utulivu, nikaona. Neno lile halikuwa lake. Lilikuwa la mbunge mwenzake wa chama chake, na Powell alikuwa akilinukuu ili alijibu. Jioni ya pili nilimfuata yule mzee, nikamwambia mbele ya wale wale kwamba nilimtilia mtu maneno mdomoni. Mkalimani kufanya hivyo ni kosa kubwa kuliko yote ya kazi yake.

Tangu hapo sisomi hotuba bila kusoma mjadala tangu mwanzo wake. Katika huu wa Hola utakuta haya. Tarehe 3 Machi 1959, kwenye kambi ya Hola, kando ya Mto Tana, wafungwa kumi na mmoja waliowekwa kizuizini kwa ajili ya Mau Mau walikufa kwa kipigo baada ya kukataa kufanya kazi. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ukaonyesha vingine, na serikali ikalazimika kuwasilisha nyaraka Bungeni. Kwa hivyo Powell anaposimama Julai, watu hawabishani tena kama walipigwa. Wanabishana nani abebe dhamana: askari wa kambini peke yao, wakubwa wa Nairobi, au pia waziri wa makoloni, Alan Lennox-Boyd, pale pale London. Hilo ndilo swali. Kila sentensi ya Powell inalijibu, na ukilisahau utaisikia hotuba nyingine kabisa.

Pima neno moja moja

Chukua sasa lile neno la "chini ya binadamu". Powell analitaja, kisha anaweka maneno matatu mafupi ya Kiingereza, "So be it", ambayo mimi na kijana tuliyakalia jioni nzima. Ningeweza kuyatafsiri "na iwe hivyo". Ningeweza kusema "haya, tuseme ni kweli". Ningeweza kusema "basi". Tafsiri ya kwanza inamfanya akubali. Ya pili inamfanya akubali kwa ajili ya hoja tu. Ya tatu inamfanya alitupe pembeni. Kijana alitaka ile ya tatu, kwa sababu inampendeza. Nikamwambia asome sentensi inayofuata: hilo, asema Powell, haliwezi kuhusika na kuikubali dhamana ya kifo chao. Kwa hivyo hakulikanusha lile neno. Alisema halina uzito kwenye mizani hii. Mimi nikaandika "na iwe hivyo", ingawa moyo ulitaka vingine.

Mistari michache baadaye ndipo anapopaza. Ni mafundisho ya kutisha, asema, na yatawarudia vichwani wale wanaoyatoa, mtu kumhukumu binadamu mwenzake na kusema kwamba kwa kuwa alikuwa hivi na hivi, basi yale ambayo yangefuata kifo chake yasifuate. Binadamu mwenzake: hapo amelitamka. Kisha anafikia maneno yanayonukuliwa zaidi. Hatuwezi kusema tutakuwa na vipimo vya Kiafrika Afrika, vya Kiasia Asia, na pengine vya Kiingereza hapa nyumbani. Hatuna hiari hiyo. Na barani Afrika hasa, asema, hatuthubutu kushuka chini ya kipimo chetu cha juu kabisa katika kuikubali dhamana.

Nimeisoma hotuba hii mara nyingi na bado inanitetemesha. Lakini soma ni nini hasa anachokitetea. Anatetea heshima ya dola yake, kwamba isiwe na mizani mbili. Uhuru wa Kenya hautetei humu. Anayemuita mpigania uhuru wetu hajaisoma, na anayesema hakuwajali wale maiti naye hajaisoma.

Msome mtu kwa miaka yake, si kwa siku moja

Kijana aliuliza, "Na ile picha ya pili, Ami?" Hiyo nayo ni kweli.

Mwaka 1968 mimi nilikuwa mtoto, na nakumbuka duka la jirani yetu Mhindi lilivyofungwa, mbao zikapigiliwa misumari, na marehemu mama akawa anatununulia mchele mtaa wa pili. Baada ya uhuru Wahindi wengi wa Kenya walibaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 sheria za Nairobi za uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana wasiokuwa raia, wakaanza kuondoka. Februari 1968 serikali ya Labour, kwa mkono wa waziri wa mambo ya ndani James Callaghan, ilipeleka Bungeni mswada wa kuwazuia, na ukapita mbio mbio: tarehe 1 Machi ulikuwa sheria. Powell alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakipiga kelele Wahindi hao wazuiwe.

Angalia sasa hapa, kwa sababu wengi hukosea. Hotuba yake mashuhuri zaidi dhidi ya wahamiaji, ya tarehe 20 Aprili 1968, hutaikuta kwenye Hansadi. Aliitoa Birmingham, hotelini, kwenye mkutano wa chama. Ukiletewa maneno makali ukaambiwa "aliyasema Bungeni", usikubali mpaka uone safu. Na tofauti si ya mahali tu. Ndani ya Bunge mtu hujibiwa papo hapo na anayemkatisha, tena hawezi kushtakiwa kwa analolisema humo, kwa sheria yao ya mwaka 1689. Nje hana aliyesimama mbele yake isipokuwa washabiki wake.

Mswada ule wa 1968 ni pazuri pia pa kujifunza kusoma kura. Mwisho wa mjadala wabunge hugawanyika kwa miguu, wengine mlango huu, wengine mlango ule, na Hansadi huchapa majina yote: wa ndiyo upande mmoja, wa la upande mwingine. Kwa Malodi, yaani baraza la juu la Bunge hilo, huandikwa walioridhika na wasioridhika. Wanaohesabu kura hutajwa mbali na hawaongezwi kwenye jumla. Tafuta jina la Iain Macleod. Alikuwa Mhafidhina, aliyechukua wizara ya makoloni baada ya Lennox-Boyd, na mwaka 1968 alipiga kura ya la, akishikilia kwamba Wahindi wa Kenya waliahidiwa. Duncan Sandys naye, Mhafidhina mwenzake, waziri wa makoloni wakati Kenya inapata uhuru, alikuwa mstari wa mbele kutaka wazuiwe. Mawaziri wawili, chama kimoja, Kenya ile ile. Hotuba zao zitakupa sababu, lakini anza na kura.

Kijana aliandika kwenye kundi lao mistari miwili tu: Hola, tarehe na safu. Wahindi wa Kenya, mwaka na mahali. Ubishi ulitulia, wakaanza kuulizana maswali.

Waziri anaposikitika

Kwa waziri ongeza tahadhari, kwa sababu maneno yake yamepitiwa na mawakili kabla hayajamfikia mdomoni. Fungua tarehe 6 Juni 2013. William Hague, waziri wa mambo ya nje, anatoa taarifa Bungeni kuhusu waathiriwa wa mateso ya wakati wa Mau Mau. Anatangaza malipo kwa wadai 5,228, jumla pauni milioni 19.9 pamoja na gharama, na msaada wa kujenga mnara wa kumbukumbu Nairobi. Redio nyingi zilisema Uingereza imeomba radhi. Soma mwenyewe. Alisema serikali inasikitika kwa dhati kwamba mateso yale yalitokea. Kisha akasema wanaendelea kukana kwamba serikali na walipa kodi wa leo wana dhima kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Kusikitika si kuomba radhi. Mahakamani ningeyachanganya haya mawili, hakimu angenisimamisha. Usiishie kwenye sentensi inayogusa moyo. Taarifa ya waziri isome mpaka aya ya mwisho, kisha usome maswali aliyoulizwa baada yake.

Ukitaka Mwambao, andika Kenya coastal strip na usome 1961 hadi 1963, tangu ripoti ya Sir James Robertson, kamishna aliyeichunguza hatima ya Mwambao, mpaka makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, ambayo yaligusa mahakama za Kadhi. Soma maswali mafupi pamoja na majibu yake. Mara nyingi jibu la mistari miwili lina habari kuliko hotuba ya saa nzima.

Kuwafuata walio hai

Maswali kwa waziri wa mambo ya nje huwa Jumanne, kila baada ya wiki kadhaa, kuanzia saa tano na nusu asubuhi ya London. Huku kwetu ni saa nane na nusu mchana wakati wao wa baridi, na saa saba na nusu wakati wao wa kiangazi, kwa sababu wao husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Matangazo ni ya bure kwenye tovuti ya Bunge. Wakati huo wa mchana mimi hukaa na chai ya tangawizi na daftari, nikiandika jina, jimbo, chama, swali aliloulizwa, na alilojibu. Kabla mbunge hajaanza kuisifu au kuilaumu nchi fulani, fungua orodha ya maslahi ya wabunge uone nani alimlipia safari. Orodha hiyo iko wazi kwa kila mtu.

Ukifikia hatua ya kutaka kusema na wewe, usimwandikie mbunge yeyote uliyemsikia. Wabunge wao hushughulikia watu wa majimbo yao, na barua ya Kibokoni atairudisha au hataijibu. Nenda kwa Kamati ya Mambo ya Nje. Ipo tangu 1979, ina wajumbe kumi na mmoja, huita mawaziri na mashahidi, na serikali hutarajiwa kuijibu kila ripoti ndani ya miezi miwili. Inapofungua uchunguzi hutangaza tarehe ya mwisho na kupokea ushahidi wa maandishi. Andika kwa Kiingereza chepesi, kurasa zisizidi nne au tano, kila aya uipe nambari. Mwanzoni sema wewe ni nani na umeyajuaje unayoyasema. Unapomnukuu mbunge, weka tarehe, juzuu na safu, na usiutume ushahidi huo kwingine kabla kamati haijauchapisha yenyewe.